Gari Yenye Ndimi za Moto

Mama yangu aliikataa gari yangu siku ile ile niliyoileta nyumbani Kengeja. Alitoka mlangoni na ungo wa mchele mkononi, akaizunguka mara moja, akarudi ndani. Alipokuwa anavuka kizingiti nikamsikia anasema, "Hiyo si gari, hiyo fujo."

Nilikasirika, lakini alisema kweli. Ilikuwa gari ndogo ya Kijapani, kuukuu, na kijana wa Chake Chake aliyeniuzia alikuwa ameifanyia kila alichowahi kukiona kwenye simu yake. Alikata springi ikashuka hata tumbo lake likawa linasugua kila tuta. Aling'oa ekzosi akaweka bomba nene, ukiiwasha kuku wa jirani wanaruka ua. Nyuma alifunga bawa la bati, vioo akavitia tintedi nyeusi, na ubavuni, kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, akabandika ndimi za moto nyekundu na njano. Kisha akapata safari ya Oman akataka kuiuza haraka. Mimi ni fundi cherehani. Nilihitaji gari ya kubebea majora ya vitambaa kutoka Chake na kupelekea nguo za harusi bila ya kukunjamana, na hiyo ndiyo niliyoiweza.

Nilikwenda nayo hivyo hivyo mwaka mzima. Mume wangu, ambaye kazi yake iko Unguja na huja mwisho wa mwezi, aliiona akacheka mpaka akakaa chini. Vijana wa barazani walikuwa wakinisikia nikiwa bado mbali, wanasimama wima na kunipigia saluti. Nilijitia hamnazo, nikakaza macho barabarani. Mama, anayekaa kwangu, hakuipanda hata siku moja. Akiwa na safari ya Mtambile, alikwenda kusimama njiani kungoja gari ya abiria huku yangu imelala uani.

Halafu likatoka jina lake katika watu wa kwenda hija. Jambo hilo alilisubiri tangu mimi sijaolewa. Siku hiyo alilia, nami nikalia, na kabla hatujamaliza kufuta machozi kaka yangu akapiga simu kutoka Wete. Alisema atakuja mwenyewe na gari yake kubwa nyeupe kumchukua mama hadi bandarini Mkoani. "Hiyo yako ibakishe nyumbani," akaniambia, "isije ikamwaibisha bi mkubwa mbele ya mahujaji wenzake."

Maneno yale yaliniuma. Mama nakaa naye mimi, najua usiku gani goti linamsumbua na chai yake inataka tangawizi kiasi gani. Nilitaka siku ile atoke mikononi mwangu. Nikamfuata jikoni nikamwambia wazi kwamba nataka kumpeleka mimi Mkoani, kwa gari yangu.

Aliendelea kukuna nazi mpaka akamaliza kifuu. Kisha akasema, "Mwanangu, n'nakwenda kumwomba Mungu aniepushe na moto. N'takwendaje na gari iliyochorwa moto ubavuni?"

"Na nikiufuta?"

"Ukiufuta, na isipige kelele, na nikaingia bila ya kuinama kama ntu anayeingia banda la kuku, n'tapanda. La si hivyo, n'takwenda na kakaako."

Nilikuwa na miezi minne kabla ya safari.

Nilianza na kazi nisiyoiweza peke yangu. Fundi mmoja wa Mkoani alinitafutia springi nzima na ekzosi ya kawaida kutoka gari nyingine iliyokufa, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Alisema vijana wangetoa roho kwa bomba kama lile. Nikamwambia awape. Alipoishusha kwenye jeki, gari ilisimama juu kama mtu aliyenyooka mgongo baada ya kulima, na nilipoiwasha ilinguruma kwa adabu. Niliporudi Kengeja jioni ile, vijana wa barazani waligeuka nimeshawapita. Hakuna kilichowahi kunifurahisha namna ile kwa bure.

Kazi iliyobaki niliifanya mwenyewe, uani, chini ya turubai, asubuhi kabla wateja hawajaja. Bawa la nyuma nilifungua nati kwa nati, nikaziba matundu. Tintedi niliibandua kwa maji ya moto na wembe. Taa za mbele zilikuwa zimefubaa, manjano kama jicho la mgonjwa, nikazisugua kwa dawa ya meno mpaka zikaona. Mama aliuliza kwa nini dawa inakwisha upesi na mimi nikasema sijui. Chini ya zulia nilikuta mchanga wa pwani, vibanio vya nywele na kiganja kizima cha karafuu kavu. Sakafu nzima nikaiosha kwa sabuni na dodoki la uani kwangu, nikaianika gari milango wazi siku mbili.

Moto wa ubavuni niliuacha wa mwisho kwa sababu niliuona mwepesi. Nilipaka mafuta ya taa, nikasubiri, nikaanza kubandua kwa ukucha na kisu butu. Stika zilitoka vipande vipande, gundi ikatoka, nikaosha, nikasimama mbali kutazama. Moto ulikuwepo. Jua la miaka lilikuwa limeipausha rangi ya buluu ya gari kila mahali isipokuwa pale zilipofunika stika, kwa hiyo moto mwekundu ulikuwa umeondoka na wa buluu iliyokolea umebaki, kila ulimi mahali pake. Mama alichungulia.

"Mbona upo?" akasema. "Umeubadilisha rangi tu."

Nilitupa kitambaa, nikaingia ndani nikajilaza mchana kweupe. Nilikuwa na hasira na kijana aliye Oman, na jua, na mama, na kaka yangu ambaye nilimsikia akicheka ingawa yuko Wete na hana habari. Kesho yake nikapiga moyo konde, nikaanza kupiga msasa milango yote minne kwa maji, mpaka vidole vikawa havihisi uzi.

Rangi ilinipa fahari ambayo sitaificha. Nilikwenda Chake na kifuniko cha tangi la mafuta ili wanitafutie buluu yake. Mwenye duka alichanganya, akanionyesha, akasema zinafanana. Nikamwambia zinafanana kwake. Mimi miaka ishirini nalinganisha uzi na kitambaa, tena nje, kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa ya dukani. Nilimrudisha mara tatu. Mara ya nne nilitoka na kopo na kifuniko changu barabarani, nikageuza huku na huku, nikashindwa kusema kipi ni kipi. Nikaazima pampu ya kupulizia kwa yule fundi. Mkono wa kwanza wa rangi ulichuruzika, nikaupiga msasa tena. Wa pili ulikaa. Hadi leo ukiitazama ile milango hutajua iliwahi kuwa na chochote.

Siti zilikuwa uwanja wangu. Nilizifungua kwa spana nikazipanga barazani, nikafumua vifuniko vya zamani na kuvitumia kama vipimo, kama ninavyofumua kanzu ya mteja anayetaka nyingine mfano wake. Nilinunua ngozi ya bandia rangi ya maziwa. Nilivunja sindano saba za cherehani ya miguu. Kwenye siti ya mbele, ile ya abiria, nilizungusha ukingoni vitundu vya kushona kwa mkono kama vya kofia, safu mbili, kwa sababu hapo ndipo atakapokaa mama.

Siku tatu kabla ya safari nilimwita. Aliizunguka kama siku ile ya kwanza, lakini taratibu. Alipitisha kiganja mlangoni. Akafungua mwenyewe, akaibonyeza siti, akaingia bila ya kuinama, akakaa, akatazama mbele kana kwamba tumeshaondoka.

"Haya," akasema.

Nikampigia kaka yangu simu hapo hapo. Nilimwambia aje na gari yake kubwa nyeupe, itatufaa kubeba mabegi.

Siku ya mwisho nyumba ilijaa. Kwetu anayekwenda hija hataki kuondoka na kinyongo cha mtu, na wiki nzima mama alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kutaka radhi, hata kwa watu ambao wao ndio waliomkosea. Mdogo wake, khaloo yangu, alikuja kutoka Pujini kusaidia. Khaloo hakai bila ya kitu mkononi. Alipokwisha kuzifukiza nguo za mama akaona gari nayo isiachwe. Akatia makaa na udi kwenye chetezo, akakitua juu ya siti ya mbele, akafunga milango na vioo ili moshi ushike, akarudi jikoni kwenye pilau.

Mimi nilisikia harufu. Mwanzo ya udi, nikafurahi. Kisha ya plastiki.

Nilipofungua mlango chetezo kilikuwa kimelala ubavu, na kaa moja limezama ndani ya siti ya mama. Nililitoa kwa mkono mtupu. Lilikuwa limeacha shimo la ukubwa wa kisahani cha kahawa, kingo nyeusi, sponji inachungulia. Khaloo alikuja mbio, upawa mkononi.

"Khaloo, una akili weye?" nikamwambia. "Miezi minne! Miezi minne nashona, weye unakuja kuchoma kwa dakika moja! Ntu nzima ovyo!"

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele uani wakageuka wote. Khaloo aliuweka upawa juu ya jiwe, akaingia ndani, na baada ya muda nikamwona ametoka amevaa buibui, na kifurushi chake kwapani.

Mama alimshika mkono mlangoni, akamkalisha. Kisha akaja kwangu, nami bado nimeinama ndani ya gari najifanya napima shimo.

"Nimepita Kengeja nzima kutaka radhi," akasema. Hakupandisha sauti. "Na weye unavunja moyo wa ndugu yangu ndani ya ua ninaotokea. Siti kuungua si kitu. Lakini gari hii siipandi mpaka khaloo yako apande kwanza."

Akaondoka. Nilibaki pale na hasira yangu, na nakiri ilikuwa bado tamu. Nilijihesabia haki zangu zote: msasa, rangi, sindano, vidole. Nilizihesabu tangu adhuhuri mpaka alasiri, na kila nikimaliza namwona khaloo amekaa kwenye kiti cha plastiki, buibui mwilini, mikono mitupu. Mwanamke asiyejua kukaa bure amekaa bure kwa sababu yangu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Nilimwendea mbele ya wale wale waliosikia, nikapiga magoti, nikaushika mkono wake nikaubusu. "Khaloo, nimekukosea. Nimetamka neno ambalo hata mtoto hasemi. N'radhi."

Aliniinua kwa mkono ule ule. "Nishakuwia radhi," akasema. "Weye hasira zako twazijua tangu hujaota meno. Una kipande cha ile ngozi kimebaki?"

"Ninacho."

"Basi lete na sindano nene."

Aliivua buibui. Yeye alishona kofia ujana wake wote, na vile vitundu vyangu alivipitia kwa kidole, akaguna kwenye viwili akasema vimepotoka. Tulikata kiraka cha duara, tukakipachika, naye akakizungushia vitundu vyake, vidogo, vilivyokazana, vizuri kuliko vyangu vyote. Tulimaliza kabla ya Magharibi. Sikuwahi kuipenda kazi ya mtu mwingine ndani ya kazi yangu, lakini ile niliipenda.

Asubuhi, baada ya dua, khaloo alipanda kwanza, nyuma, kama mama alivyotaka. Kisha mama akakaa mbele katika nguo zake nyeupe, juu ya kiraka. Nikawasha. Kaka yangu alitufuata na mabegi katika gari yake kubwa, na sikupunguza mwendo ili anipite. Mahali pote hadi Mkoani watu walisimama kutupungia, na mama aliteremsha kioo, anawarudishia mkono, anawaomba radhi wote kwa pamoja. Nilijiona nimefika hija mimi kabla yake.

Bandarini palikuwa na msongamano. Nilimfungulia mama mlango, tukaanza kuagana. Hapo hamali mmoja, jasho linamtiririka, mikono imejaa vumbi la saruji, akaja kujipumzisha, akauweka mkono wake wote juu ya boneti.

"Weye!" Sauti ile sikuijua mpaka nilipogeuka nikaona ni ya mama. "Ondoa nkono! Huoni gari ya watu imesuguliwa?"

Hamali aliruka nyuma. Watu wakageuka. Mama naye akashtuka, akajiziba mdomo kwa kiganja, na macho yakamtoka, maana boti ilikuwa pale mbele yetu na yeye alikuwa ameshamaliza kutaka radhi kisiwa kizima. Akamwendea yule bwana, ametahayari kama mwari.

"Baba, nisamehe. N'nakwenda hija. Ulimi umeteleza."

"Nishakusamehe, bibi," akasema hamali, anacheka. "Nyiye wenye gari nzuri ndo mlivyo. Ya nani hii?"

"Ya mwanangu," akasema mama. "Kaitengeneza mwenyewe, kwa mikono yake."

Akashika ncha ya ukaya wake mweupe wa kichwani, akaipangusa ile alama ya kiganja mpaka ikatoka yote, ndipo akaenda kupanda boti.