Mama Liberia na Rungu Jeusi

Jina alilopewa na baba yake lilikuwa Nosim, na kwa jina hilo aliolewa, akazaa, akaheshimiwa. Lakini katika miteremko ya Meru, kuanzia Ilboru hadi malisho ya Olasiti, watu wengi walimjua kama Mama Liberia. Vijana waliozaliwa baadaye hawakujua neno hilo limetoka wapi. Mmoja alidhani ni jina la kitambaa kilichowahi kuuzwa katika maduka ya Wahindi pale mjini. Mwingine aliapa kwamba ni ugonjwa wa ng'ombe, na kwamba bibi huyo ndiye aliyekuwa na dawa yake. Nosim aliwaacha wadhani wapendavyo. Jina hilo alipewa kwa mzaha na Lerionka, ndugu yake wa tumbo moja, siku ambayo Nosim mwenyewe hakuweza kucheka.

Ulikuwa mwaka ule reli ya Wajerumani ilipofika Moshi. Magari ya kukokotwa na maksai yalizidi kupanda kuja Arusha, na magurudumu yake, yakivunjwavunjwa na mawe ya njiani, yalihitaji fundi. Fundi mmoja akaja nayo. Aliitwa Nimeli, mtu wa kifua kipana, mwenye chale ya rangi ya buluu iliyoshuka kutoka juu ya paji la uso hadi ncha ya pua. Zamani alikuwa mchochea moto melini. Meli ilimshusha Tanga akiwa mgonjwa, ikaenda zake. Alipopona alifanya kazi relini, akajifunza uhunzi na Kiswahili, na sasa alikuwa na kibanda chake karibu na boma la serikali. Nosim alimpelekea maziwa kila asubuhi. Kiswahili cha Nosim kilikuwa cha sokoni, na cha Nimeli kilikuwa cha kambini, lakini viwili hivyo vilielewana vizuri kuliko watu wengi wa nyumba moja.

Asubuhi moja Nosim alimimina maziwa, nusu yakaingia chomboni na nusu yakamwagikia majivu.

“Mama, leo maziwa yako yanacheza ngoma,” alisema Nimeli. “Nani amekutisha?”

Nosim akamwambia. Kilichomtisha kilikuwa rungu.

Waarusha wa siku hizo walikuwa na desturi ya kila rika la wanaume kuwa na msemaji wake, laigwanan, na alama ya cheo chake ilikuwa rungu jeusi. Msemaji hakujitangaza. Wazee walimchunguza mtu kimya kimya, kama viungo vyake ni kamili, kama hajawahi kumwaga damu ya mwenzake, kama mkewe huwapa wageni maziwa bila kununa. Kisha, siku asiyoitazamia, wenzake walimzingira wakamshika, na rungu likatiwa mkononi mwake. Akishalishika halirudishi. Kulikataa ni kulilaani rika zima, na aliyekimbia alirudi akalikuta linamngoja mlangoni.

Hapo kale ulikuwa mzigo wa heshima. Walipokuja Wajerumani, ukawa mzigo wa hatari. Msemaji wa rika la Lesikar, mume wa Nosim, alikuwa Simel. Serikali ilipotaka vijana wa kuchimba barabara, ilimwita Simel. Vijana walipokimbilia porini, aliyechapwa viboko ni Simel. Walipokimbia mara ya pili, Simel alitiwa mnyororo akapelekwa pwani, na kilichorudi ni habari tu kwamba amezikwa huko. Sasa rika lilikuwa halina msemaji, na serikali ilikuwa inataka mtu wa kuitwa.

“Jana Mzee Loishiye alikuja kwangu,” alisema Nosim. “Akaomba maziwa, akanywa taratibu, macho yakiwa kwenye mikono ya mume wangu. Akaniuliza, ‘Mama Nalepo, huyu aliwahi kuvunjika mfupa?’ Nikasema hapana. Akasema, ‘Vema.’ Akaenda zake. Fundi, hilo ‘vema’ lake sijalimeza mpaka sasa.”

Nimeli aliacha mivukuto. “Kumbe kwenu mtu anakamatwa ili awe mkubwa! Kwetu wanakanyagana ili wawe wakubwa.”

“Kwenu ni wapi?”

“Liberia. Mbali, upande wa machweo, unaizunguka Afrika yote kwa meli. Ni nchi ya watu weusi, mama, ina bendera yake yenyewe. Hakuna Mdachi, hakuna Mwingereza. Mkuu wa nchi nzima ni mtu mweusi, wanamwita presidenti, na wanamchagua wenyewe. Miaka ikitimia, wanamchagua tena au wanamweka mwingine.”

Nosim alikitua kibuyu chini. Aligeuka akatazama boma, aone kama askari wa langoni amesikia. Askari alikuwa akijikuna mguu.

“Mwongo wee,” alinong'ona.

“Naapa kwa mama yangu aliyenizaa. Wakati wa uchaguzi mji haulali. Anayetaka ukubwa anasimama mbele ya watu, anasema, ‘Nipeni mimi! Mimi ni bora kuliko yule!’ Anachinja ng'ombe, analisha watu wali mpaka wanatoka jasho.”

“Anajiombea mwenyewe?”

“Mwenyewe, kwa mdomo wake.”

“Mbele ya wazazi wake?”

“Mbele ya wazazi, mbele ya wakwe, mbele ya mchungaji.”

“Na hawamfukuzi?”

“Wanampigia makofi!”

Nosim aliona mwili unamsisimka. Alikuwa hajui lipi ni zito zaidi, mtu mweusi kutawala nchi bila Mjerumani, au mtu mwenye akili timamu kusimama mbele ya mama mkwe wake akajisifu. Alipopata pumzi aliuliza, “Na wewe ulimchagua yupi?”

Kicheko cha Nimeli kilipungua. “Mimi? Mimi ni Mkru, mama. Wanaochagua ni wenye mashamba ya hati, wale ambao babu zao walikuja kwa meli kutoka Amerika. Sisi waliotukuta pale hawatuulizi. Uchaguzi wa mwisho mimi nilikuwa bandarini nimebeba gunia, nikisikia makelele tu.”

“Kwa hiyo hata huko lipo rungu linalopita juu ya vichwa vya watu.”

“Lipo,” alisema Nimeli, akairudia mivukuto yake.

Njiani kurudi nyumbani Nosim hakuona mtu wala hakuitika salamu. Alipovuka mto Naura, wazo lilimjia, na lilipomjia akasimama katikati ya maji na mguu mmoja juu ya jiwe. Hapa kwao hapakuwa na mtu aliyewahi kuliomba rungu. Kama yuko mtu ambaye wazee hawatampa kamwe, ni yule atakayelinyoshea mkono.

Alimkuta Lesikar anaziba mwanya wa zizi kwa miiba. Lesikar alikuwa mtu wa maneno machache, mpole hata kwa punda.

“Baba Nalepo, rika lenu likikutana kesho, simama uliombe rungu.”

Lesikar alimtazama kama aliyeambiwa atembee uchi sokoni. Mwiba ulimchoma kidoleni asiutoe.

“Unasema nini wewe mwanamke?”

“Sema wewe ni bora kuliko wenzako wote. Sema wakupe wewe. Hawatakupa.”

“Watanicheka mpaka kaburini.”

“Kaburi ndilo ninaloliogopa mimi. Kicheko sikiogopi.”

“Na nani amekufundisha maneno haya?”

“Nchi moja iko mbali,” alisema Nosim, akamshika mkono na kuutoa ule mwiba.

Siku ya pili rika lilikutana katika uwanja wa nyasi, ng'ambo ya kijito. Wanawake hawakuruhusiwa kukaribia, lakini hakuna aliyewakataza kuosha vibuyu, na Nosim aliosha vyake mahali ambapo sauti hufika. Aliwaona wanaume wameketi, na Mzee Loishiye kati yao. Akamwona Lesikar akisimama.

“Wenzangu,” alisema Lesikar, na sauti yake ikapasuka kama ya kijana anayebalehe. “Ninaliomba rungu. Mimi ni bora kuliko ninyi nyote. Nipeni mimi.”

Kikawa kimya hata maji ya kijito yakasikika kama yanapiga kelele. Mzee Loishiye alijifunika shuka kichwani, kama afanyavyo mtu aliyeona jambo lisilofaa kuonwa. Kisha uwanja ukalipuka.

“Ameingiwa na nini huyu?”

“Ana homa! Mleteni maji!”

“Hata fisi husubiri mzoga uanguke!”

“Simel hajaoza, wewe unanyosha mkono!”

Nosim aliinamisha kichwa ili wanawake wenzake wasimwone akitabasamu. Hila ilikuwa imeshika. Lakini tabasamu lile halikudumu, kwa sababu sauti moja nzito ilipanda juu ya nyingine ikasema, “Atoe ng'ombe, kisha atoke katika rika. Mtu wa namna hii hatuli naye nyama.” Na wengi wakaitikia, “Atoke! Atoke!”

Hilo Nosim hakulifikiria. Alikuwa ameipima aibu, akaiona inabebeka, adhabu hakuipima. Mtu asiye na rika hana wa kumsaidia kujenga, hana wa kumsemea, hata mwanawe hana wa kumtambulisha. Nchini kwa Nimeli aliyeomba hupigiwa makofi, na Nosim alikuwa ameitwaa nusu ya desturi ya watu akaacha nusu yake kulekule.

Hapo ndipo Lerionka aliposimama. Alikuwa wa rika lile lile, lakini hakuna aliyewahi kumtia maanani. Kazi yake katika mikutano ilikuwa kuchekesha na kumaliza pombe.

“Wazee wangu, wenzangu,” alisema. “Ninyi mmesikia mdomo wa shemeji yangu. Mimi nimesikia tumbo lake. Lesikar anaogopa. Na nani hapa haogopi? Wewe uliyekaa hapo, ulituaga unakwenda Olasiti kutafuta ng'ombe aliyepotea. Ng'ombe gani? Huyo ng'ombe nilimwona zizini kwako anacheua, anakushangaa!”

Kicheko kilipita mara moja, kikakatika.

“Simel alipopelekwa pwani, nani alimsindikiza hata mpaka mtoni? Nani alimpelekea maji njiani? Si wewe, si mimi. Basi aibu ya leo tusimtwike mtu mmoja. Mtozeni ng'ombe, mimi nitatoa wa kwangu. Lakini katika rika asitoke. Tukianza kumtoa kila mwenye hofu, nyama itaoza, maana hatabaki wa kuila.”

Hakuna aliyecheka sasa. Kimya kilirudi, lakini hakikuwa kile cha kwanza, na Nosim alikitambua kabla macho yake hayajaona lolote. Mzee Loishiye alikuwa ameteremsha shuka kutoka kichwani. Alikuwa anamtazama Lerionka, mtu mwenye viungo kamili, aliyesimama kumsemea mwingine bila kutumwa na bila kujitakia kitu. Wanaume waliokaa pembeni walianza kuinuka, mmoja mmoja, bila haraka.

“Lerionka, kimbia!” Nosim alitaka kupaza sauti, wala hakuthubutu. Aliinuka, na kibuyu alichokuwa anakiosha kikamponyoka kikachukuliwa na maji. Duara likafunga. Alisikia vishindo vya miguu, akasikia ndugu yake akicheka akidhani ni mzaha, kisha akasikia kicheko kile kikikoma.

Jua lilipokaribia kuzama Lerionka alifika nyumbani kwa Nosim. Vifundo vyake vya mikono vilikuwa na alama za vidole vya watu, na rungu lilikuwa mkononi. Lesikar alikuwa ameketi mlangoni, hakuinua uso.

“Shemeji, yule ng'ombe wa faini nitamtoa mimi, usiwape wa kwako mwenye pembe nzuri,” alisema Lerionka, akaketi karibu yake. Kisha akamgeukia Nosim. “Dada, mumeo ameniambia kila kitu. Eti kuna nchi.”

Nosim alishindwa kumtazama. “Nilitaka kumwokoa huyu. Sikujua ninakuuza wewe.”

“Wewe hukuniuza. Mdomo wangu ndio ulioniuza, nao una deni la siku nyingi. Nieleze hiyo nchi. Yule anayeomba asipewe, wanamfanya nini?”

“Hurudi nyumbani kwake.”

“Akiwa hai?”

“Akiwa hai.”

“Na yule aliyepewa?”

“Nimeli anasema miaka ikitimia wanaweza kumweka mwingine. Naye hurudi nyumbani.”

Katika yote aliyoyaona Lerionka siku hiyo, hakuna lililomshitua kama hilo. Aliligeuza rungu upande huu na upande ule, kama anayetafuta mahali ambapo lingeweza kufunguka.

“Hurudi nyumbani,” alirudia polepole. “Haya. Kuanzia leo wewe ni Mama Liberia. Nikilichoka hili, nitakuja kwako unirudishe.” Akacheka. Lesikar naye akatoa sauti iliyokaribia kucheka. Nosim hakuweza kucheka.

“Kesho nimeitwa bomani asubuhi,” alisema Lerionka alipoinuka. “Nitapita hapa. Niwekee maziwa ya njiani, dada. Simel alikwenda na koo kavu.”

Alipokwisha kuondoka, Nosim alishuka kijitoni. Kibuyu kilikuwa kimenaswa na matete, hakikupasuka. Alirudi nacho ndani, akachukua kijinga cha mzeituni mwitu kutoka motoni, akakiingiza ndani ya kibuyu ili kukifukiza, akakisugulia pande zote mpaka moshi ukatoka kwa wingi mdomoni. Alimwaga makaa, akapangusa jivu kwa ufagio mdogo wa ukindu, akanusa. Kilikuwa kimekolea vizuri. Akamimina maziwa polepole bila kumwaga hata tone, akakifunika, akakifunga kwa ukanda wa ngozi, akakitundika kwenye nguzo iliyo karibu na mlango.