Antena Isiyo Kwenye Karatasi

Ningekataa kutia saini siku ile Muyinga, leo nisingekuwa na haya ya kuandika. Mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa Buhinyuza alisukuma fomu mbele yangu, akaweka kalamu juu yake. Fomu ilisema masanduku yetu yamepimwa yakiwa kamili, na hayasumbui mawasiliano ya watu wengine. Hayakuwa yamepimwa. Nilijua.

Mimi na mdogo wangu tulikuwa na karakana Gitega. Tulikulia Tanzania. Mimi nilisoma sekondari, yeye akajifunza ufundi wa redio, na tuliporudi nyumbani mimi nilizungumza na wateja, yeye akafanya kazi yenyewe. Masanduku yale yalikuwa ya maji: moja kwenye tanki mlimani, jingine kwenye pampu bondeni. Tanki likipungua, sanduku la juu linaliarifu la chini kwa redio na pampu inawaka. Redio hatukuiunda sisi. Tulinunua kipande kidogo, ukubwa wa kiberiti, kilichopimwa kiwandani na kuja na kibali chake.

Mimi niliona kipande kina kibali, basi na sanduku lina kibali. Mdogo wangu alinieleza zaidi ya mara moja.

"Kaka, kibali ni cha kipande peke yake, na antena iliyoandikwa kwenye karatasi yake. Kikiingia ndani ya sanduku letu, pamoja na nyaya zetu na swichi ya pampu, lazima tupime upya. Hata mchele ukishapikwa hauitwi tena mchele."

Nilicheka, nikamwambia ana njaa.

Tulipofunga masanduku, mawimbi hayakufika bondeni kwa sababu ya kilima. Nikamwagiza afunge antena ndefu, ambayo haikuwamo kwenye karatasi. Alitaka tuongeze sanduku la katikati, tupeleke moja likapimwe, tusubiri. Nikamwambia mimi ndiye mkubwa. Akaifunga.

Ndipo tukaitwa Muyinga kwa ile fomu.

"Bado hatujapima," mdogo wangu alianza.

"Fundi, we ngoja kwanza, mkubwa wako iko hapa," mwenyekiti alisema. Kisha akanigeukia. "Mzee, mi naomba saini tu, siombi figo yako. Kabichi ziko zinakufa, quand même, jamani!"

Watu wote chumbani walicheka. Nami nilicheka, nikasaini.

Wiki chache baadaye muuguzi wa kituo cha afya alilalamika. Kila pampu ilipowaka, redio yao ya kuitia gari la wagonjwa ilinguruma tu. Siku moja walimwita dereva mara tatu bila kusikika, na mama mwenye uchungu wa kuzaa akabebwa kwa machela hadi barabara kuu. Alipona, na mtoto pia. Wakaguzi wa mawasiliano wakaja, wakapima, wakafunga masanduku yetu kwa lakiri, wakatuita ofisini.

"Nani aliamua kuweka antena hii?" mmoja aliuliza.

Kwetu, mkubwa akisema mbele ya wageni, mdogo hamrekebishi. Kama ana neno, anangoja mfike nyumbani. Nilijua hilo nilipofungua mdomo.

"Fundi ndiye aliyeifunga," nilisema.

Mkaguzi akamtazama mdogo wangu. "Ni kweli?"

"Ni kweli. Niliifunga mimi."

Hakusema nani alimwagiza. Aliniachia nafasi niongeze maneno mawili tu. Nilikuwa nikisoma tangazo la chanjo ukutani. Saini ilikuwa yangu, lakini niliwaambia nilimwamini fundi, na wakalikubali hilo. Mimi nilionywa. Yeye alinyang'anywa ruhusa ya kufunga mitambo ya redio, kazi pekee aliyoijua.

Tulirudi kwa mama, Makebuko. Huko ndiko nilikopaswa kuyasema, maana nyumbani mdogo anaruhusiwa kudai na mkubwa anaruhusiwa kukiri bila kuaibika. Mama alitukalisha, akauliza kulikoni. Nikasema serikali ina sheria nyingi siku hizi. Mdogo wangu akala ugali wake akamaliza, akanawa mikono, akamshukuru mama. Alikaa mwezi mzima pale akilima shamba la mama, nadhani akiningoja. Kisha akavuka kurudi Tanzania.

Nilimwandikia baadaye, nikakiri kila kitu, na wakaguzi nao nikawaandikia. Wao walinijibu. Yeye hakujibu.

Mama alipofariki alikuja kuzika. Alilala kwa jirani. Kaburini alinipa mkono na kusema, "Shikamoo, mzee," kama anavyomwamkia mzee yeyote anayekutana naye njiani. Maisha yake yote alikuwa akiniita kaka.

Saini ile ilinigharimu mdogo wangu. Nilikuwa naye huyo mmoja tu.