Panya Kwenye Pipa la Zabibu Adimu

Jamani, ushawahi kushika mkia wa panya aliyelala siku kadhaa ndani ya spiriti?

Mimi nimeushika. Ukabaki mkononi, panya mwenyewe akazama tena.

Kama unakula, weka sahani pembeni kwanza.

Nilikuwa fundi wa maabara. Usiwaze jengo la vioo. Vyumba vitatu juu ya duka la rangi, feni moja, na friji inayonguruma kama ina kifua. Kazi yetu ilikuwa kutafuta aina za zabibu zilizosahaulika na kupima kama maganda yake yanafaa kutengenezea vipodozi vya asili.

Tulipima aina kumi na moja, zote patupu. Ya kumi na mbili ndiyo ikatutia wazimu. Nyeusi, ndogo kama mbaazi, ganda gumu na chungu. Tuliiita Jicho la Kunguru. Yalibaki mashina manne tu, nyuma ya nyumba ya mjane mmoja, na yanazaa mara moja kwa mwaka.

Mavuno yote yaliingia kwenye pipa letu moja, tukayaloweka kwa maji na spiriti.

Siku ya sita nikafungua. Harufu ikanipiga usoni. Nikavaa glavu, nikazamisha mkono kukoroga, nikagusa manyoya.

Nilitapika kwenye sinki.

Bosi akaja mbio. Daktari mzima wa kemia, koti jeupe, kalamu tatu mfukoni. Akachungulia pipa, akanigeukia.

"Kifuniko alifunga nani?"

"Mimi, bosi."

Sikuwa nimekibana vizuri. Nilikuwa na haraka ya kuwahi mpira.

"Basi mtoe. Chuja mara tatu, chemsha, endelea."

"Bosi, hii si ya kumwaga?"

"Umwage mavuno ya mwaka mzima? Wafadhili wanakuja mwezi ujao! Spiriti inaua kila kitu, kijana. Au unataka niandike ni nani aliyeacha pipa wazi?"

Nikafyata mkia, nikachuja. Kitambaa cha kwanza kilibaki na manyoya. Cha pili kilibaki na kitu laini ambacho sitakitaja. Cha tatu kikatoka safi, na maji yakawa mekundu, mazuri kweli kweli. Uzuri ule ndio ulionichefua kuliko yote.

Tukachanganya na losheni ya kawaida. Wiki iliyofuata majaribio yakaanza. Watu ishirini, kila asubuhi wanapakwa mkono wa kushoto, wa kulia hauguswi, siku kumi na nne. Mpakaji mimi, mpimaji mimi.

Namba kumi na mbili alikuwa shangazi yangu.

Ndiye aliyenilea. Nilikuwa nimemwandikisha mwenyewe kabla ya balaa la panya, nikamhakikishia ni zabibu tupu. Akaja na gauni la kutokea, mikono ameisugua inang'aa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Haya, nipake huo ujana."

Nikampaka.

Na kinachokera ni kwamba ile losheni ilifanya kazi! Ngozi za watu zikalainika, vipimo vikapanda. Bosi akawa anapiga miluzi kwenye korido. Shangazi akatangaza mtaa mzima, kila jirani anashikishwa mkono. "Gusa hapa. Kazi ya mwanangu hiyo."

Siku ya kumi na moja akaninong'oneza.

"Baba, niibie kijikopo kimoja. Nataka nijipake usoni, na hii midomo inavyonipasuka."

Midomo! Nikamwambia asubiri nikaangalie kabatini.

Kabati lilikuwa ofisini kwa bosi, naye alikuwa ametoka. Juu ya vikopo kulikuwa na orodha ya kwanza ya washiriki, ile ya kabla ya kuchapwa upya. Namba tatu ilikuwa imekatwa kwa kalamu. Jina nililijua. Mke wa bosi.

Pembeni, kwa mwandiko wake bosi: Aondolewe. Saini, na tarehe. Ilikuwa siku ile ile ya panya.

Spiriti inaua kila kitu, eti! Kumbe alipomaliza kunifokea pale kwenye pipa alikwenda moja kwa moja kumfuta mkewe. Nafasi yake akamweka mlinzi wa duka la rangi.

Sijawahi kumwonea mtu kinyaa kama kile. Nikarudi, nikamweleza shangazi kila kitu. Panya, mkia, vitambaa, mke wa bosi.

"Yule si mtu, shangazi. Yule ni mnyama!"

Nilitegemea atapike. Nilitegemea atukane, kisha twende wote kumvaa bosi.

Akashusha tu mkono wa gauni, taratibu, akafunga kifungo.

"Wewe ulijua lini?"

"Kuhusu mke wake? Sasa hivi."

"Kuhusu panya."

Nikakosa pa kuangalia. "Kabla hatujaanza."

"Na jina langu ulikuwa unaliona?"

"Kila asubuhi."

Akanyanyuka, akachukua mkoba wake.

"Yule mnyama alimtoa wa kwake," akasema. "Wewe wa kwako ukampaka."

Akatoka.

Siku ile ile niliwatafuta washiriki wengine wote, mmoja mmoja, nikawaambia. Wengine walilia, mmoja alinizaba kibao. Jioni sikuwa na kazi tena.

Ndugu yangu unayesoma, ukiona uchafu kazini, sema siku hiyo hiyo, hata kama aliyeukaribisha ni wewe. Usisubiri upate mchafu kuliko wewe ndipo ufungue mdomo.

Shangazi bado ananiitikia shikamoo. Ila mkono hanipi.