Binti Tuliyemwombea Haneti

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya sikusimuliwa. Yalitokea mchana kweupe, na niliyekuwa naye utamkuta leo hii ukifika kwao Kitui.

Kanisa letu lilituma watu Tanzania kwa misheni ya wiki mbili, tukapelekwa Haneti, mkoa wa Dodoma. Siku ya safari mama yake Dorkasi alinishika mkono. "Nimekupa huyu mmoja niliye naye," akasema. "Umrudishe hivi alivyo." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Dorkasi alikuwa msichana mcheshi, na akianza kuomba hata wazee wa kanisa walinyamaza wamsikilize.

Tulikuwa tukienda wawili wawili, nyumba kwa nyumba. Alasiri moja mimi na Dorkasi tulivuka mashamba ya uwele yaliyokwisha kuvunwa, tukakuta nyumba ya tembe, ya udongo na paa bapa, iko peke yake. Mama mmoja mzee alikuwa mlangoni. Alisema "karibuni" kabla hatujapiga hodi. Mimi niliona ni ukarimu. Wewe ungeona nini?

Tukamwamkia shikamoo, kama mwenyeji wetu alivyotufundisha.

"Marahaba, wanangu. Ninyi ndio mnaoombea watu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi niombeeni binti yangu arudi. Amekawia sana."

Sasa sikia ujinga wetu. Sisi watu wa misheni tukitajiwa shida hatuulizi, tunaomba. Hatukuuliza binti ni nani, kaenda wapi, wala kama yu hai. Tulishikana mikono sote watatu, tukafumba macho, na Dorkasi akaomba kwa pupa yake ile: "Baba, mrudishie binti yake leo, saa hii hii." Nikaitikia amina. Mkono wa yule mama ulikuwa baridi, niamini, na jua lile lingeweza kukaanga yai.

Nilipofumbua macho nilikuwa peke yangu. Nyumba ilikuwa kuta tupu, paa limeanguka zamani, ndani kumeota miiba. Mikono yangu yote miwili ilikuwa bado nimeinyoosha.

Niliita mpaka sauti ikakauka. Nilikimbia huku na huku, nikalia, nikamwahidi Mungu mambo nisiyoyaweza. Nitamwambia nini mama yake? Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani. Mwenyeji wetu, Mama Chilongola, alikuja na majirani kutafuta, na alipopaona mahali penyewe akaketi chini.

"Hapa hapajakaa mtu siku nyingi," akasema. "Hamkuona hakuna hata kuku?"

Jua likizama tulimkuta Dorkasi nyuma ya kuta zile zile tulizokuwa tumezizunguka mara nyingi. Alikuwa anatwanga, mikono inapanda na kushuka, lakini hakuna mchi wala kinu. Siku zote aliniita Anti. Sasa aliinuka, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mama," kama mtu anayeniona mara ya kwanza.

Usiku ule aliongea usingizini, na Mama Chilongola akaniambia ni Kigogo safi cha wazee. Dorkasi hakujua Kigogo. Alichokijua ni Kikamba, na hicho mpaka leo hakisikii hata neno moja.

Nilimrudisha. Mama yake alimtazama, akamfunua mkono akaliona kovu lake la utotoni, akaligusa. Kisha akanigeukia. "Mwili ni wake," akasema. "Mwanangu yuko wapi?" Hospitali walimpima wakasema mzima. Wachungaji wamemwombea, naye huitikia amina kwa adabu, kisha anaenda kufagia uwanja.

Kwa hiyo wewe mwenye mdomo mwepesi wa kuombea watu, nakuonya: uliza kwanza. Uliza anayeombewa ni nani na alikwenda wapi, maana maombi mengine hujibiwa.

Kila Jumapili mama yake Dorkasi hunisubiri mlangoni mwa kanisa, amenyoosha mkono. "Njoo tuombe wawili," ananiambia, "mwanangu arudi." Namwonea uchungu, Mungu anajua. Lakini sijawahi kuupokea mkono ule. Mimi pia nina binti.