Bwana Wima na Kiegemeo cha Mwalimu

Ukimkaribisha Bwana Wima nyumbani kwako, hata hajakaa, ameshakwenda kuinyoosha kalenda ukutani. Hawezi kujizuia. Kitu kikiinama kidogo tu, roho yake haitulii. Mkewe amemwapisha mara chungu nzima asiguse picha za watu, hasa za marehemu, naye huapa, kisha hukalia mikono yake mwenyewe mpaka wakati wa kuaga.

Kazi yake ni viegemeo, vile viunzi vya mbao vyenye miguu mitatu ambavyo wachoraji husimamishia picha wakichora. Vipya havimshughulishi. Anavitaka vikuukuu, vya shule zilizofungwa na studio za wapiga picha waliostaafu, vyenye skrubu za shaba na madoa ya rangi ya miaka hamsini. Huvifungua kipande kwa kipande, akavitia gundi, akavisugua kwa nta mpaka mbao ing'ae. Tuseme ukweli: wateja wake wengi hawajui kuchora hata yai. Huyu anataka pa kuwekea picha ya harusi sebuleni, yule anataka pa kusimamishia kioo cha saluni, na kuna mwenye mgahawa aliyechukua kimoja cha kubandikia bei za chai. Bwana Wima huwauzia wote bila kinyongo, mradi waahidi kwamba hawataanikia taulo.

Asubuhi moja aliingia kiwandani mwanamke mzee mwenye bakora, na nyuma yake dereva wa teksi aliyekikumbatia kiegemeo huku akihema. Bwana Wima alimtambua kabla hajavuka kizingiti. Alisimama wima kama yuko darasani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kumbe ndiwe wewe? Umezeeka!"

Alikuwa mwalimu wake wa kuchora. Siku moja, Bwana Wima akiwa na miaka kumi na moja, Mwalimu aliinyanyua picha yake ya kiti, akaionyesha darasa zima na kusema kiti kile hata paka asingethubutu kukikalia. Watoto wakavunjika mbavu. Tangu siku hiyo hakushika brashi tena. Alishika msumeno na randa, akatengeneza viti ambavyo watu wazito walivikalia bila wasiwasi, halafu akahamia kwenye viegemeo. Na miaka arobaini na sita yote hiyo alikuwa akingoja neno moja zuri kutoka kinywani mwa mama yule. Alijua ni upuuzi, mtu mzima mwenye wajukuu. Lakini alilitaka, na alilitaka sana.

"Skrubu ya kupandishia imekwama," Mwalimu alisema. "Dada yangu anakuja kesho kutwa nimchore, na anakaa siku moja tu. Nirekebishie skrubu, basi."

Skrubu ilikubali kwa tone la mafuta. Kama angeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini alipokisimamisha kiegemeo aliona mguu wa kushoto umekatwa, mfupi kwa vidole viwili, tena umekatwa ovyo, umejaa meno. Alisikitika kana kwamba ameona ndugu yake anachechemea. Nani alikitenda hivi kiegemeo cha watu? Akatafuta mbao ya rangi ileile, akaiunga mguuni kwa ufundi wote aliojaliwa, akaupaka chai ya rangi na nta mpaka kiungo kisionekane. Aliweka pimamaji juu ya kibao cha kuwekea brashi. Kiputo cha hewa ndani yake kikasimama katikati, hakikutikisika. Alimwita mkewe aje aone.

"Sasa hapo atakusifu," mkewe alisema, maana alijua kila kitu. "Asipokusifu nitakwenda mwenyewe."

Siku ya miadi alikipeleka nyumbani kwa Mwalimu. Dada yake Mwalimu alikuwa ameshakaa kitini, kidevu juu, mtandio umefungwa vizuri. Mwalimu akaweka turubai, akapanga brashi zake tano kibaoni. Brashi ya kwanza ikaanza kubingirika kuelekea kulia. Zikafuata nyingine, moja baada ya moja, zikadondoka chini, na turubai nayo imeinama kama mtu anayesikiliza umbea dirishani. Dada akaangua kicheko.

"Umeufanya nini mguu wangu?" Mwalimu aliuliza polepole.

Bwana Wima alilaza pimamaji sakafuni, na hapo ndipo alipoelewa. Sakafu yenyewe ilikuwa imeteremka.

"Hiki kilikuwa chumba cha kufulia," Mwalimu alisema. "Maji yalitiririkia upande ule wa kulia. Mguu niliukata mwenyewe, kwa kisu cha mkate, mwaka niliohamia. Nilikuomba skrubu, wewe kijana. Skrubu!"

Bwana Wima alikosa pa kuuweka uso wake. Alipendekeza kuweka vibao chini ya miguu mingine. Mwalimu akakataa katakata, kwamba yeye akichora huenda mbele na nyuma, atavipiga teke. Basi hakukuwa na njia nyingine. Bwana Wima alipiga magoti, akatoa msumeno, akaukata mguu ule mzuri aliouhangaikia siku mbili.

Pimamaji aliirudisha mfukoni. Alichukua brashi moja, akaiweka kibaoni: ikabingirika. Akapunguza mbao kidogo. Ikabingirika tena, safari hii kwa uvivu. Akaweka jicho sakafuni, akachora mstari wa mshazari kwa penseli kuufuata mteremko, bila rula, akakata, akasugua kwa msasa. Mguu ukakaa chini wote, ukashika sakafu. Brashi ikatulia. Akaweka zote tano, zikatulia.

Mwalimu alikitikisa kiegemeo, hakikuyumba. Kisha alichovya brashi yake nyembamba kuliko zote katika rangi nyeusi, akamnyooshea.

"Weka sahihi. Hapo mguuni."

"Mimi, Mwalimu?"

"Kwani nani kaifanya kazi?"

Aliipokea brashi, akaandika. Herufi moja ilipanda, nyingine ikashuka, ya mwisho ikamwagika. Mwalimu alivaa miwani, akainama kwa shida akiegemea bakora, akaisoma.

"Mwandiko mbaya sana," alisema. "Lakini mguu huu, mwanangu, ni mzuri. Ni mzuri kweli. Nilikuwa nakutazama mkono wako ulivyouchora ule mstari, nikajiambia, mtoto huyu nilimkosea."

Bwana Wima alilia palepale, amepiga magoti, brashi mkononi, wala hakujificha.

"Jamani," dada alisema kutoka kitini, "mpe leso huyo baba, halafu mnichore. Shingo inaniuma."