Nilivyosimama Mzee Radi aliponitaja

Leo nimepigiwa makofi Milimani, hapa Kisumu, na sitaki kurudi huko tena.

Mnamjua Mzee Radi, yule mwimbaji wa roki niliyempigia drams miaka kumi na minane. Nilipomtoroka niliandika hapa hapa kwamba sauti imeisha, abaki kuimba kwa matanga. Mlicheka sana.

Basi leo mchana alikuwa anazindua albamu yake, peke yake, bila bendi, kwa kompaundi ya rafiki yake. Nikaenda kumcheka.

Yawa! Mzee ametokea na koti la ngozi. Kisumu! Saa nane, jua kali! Nywele amepaka rangi, na jasho linashuka jeusi mpaka kwa kola.

Nikamwambia mke wangu, "Huyu atazimia kabla ya kiitikio."

Akaimba.

Ile sauti imerudi. Yote. Mke wangu akaanza kucheza, na huyo hachezangi.

Wimbo wa nne, akaanza kutaja watu. Si mnajua kwetu ukitajwa kwa wimbo unasimama uonekane? Nikasikia, "Ouma wa Asembo!"

Niliruka juu. Mikono hewani. Hata nikazunguka.

Kumbe hajamaliza.

"...tangu aache kunipigia drams, sasa mnanisikia!"

Watu wakashangilia. Mke wangu pia.

Chekeni tu. Lakini kama kuna aliyerekodi huo wimbo, anitumie. Mke wangu anauimba jikoni saa hii, na maneno anayokumbuka ni yale ya kunicheka mimi peke yake.