Rahma wangu kadharauliwa mlangoni pa watu Ayjah

Rahma wangu leo kaanza kutembeza watalii Sur, hapa Omani! Leseni anayo, mtihani kapasi mara ya kwanza!

Salamu baadaye, ndugu zangu, nina hasira.

Nilimfuata kimyakimya toka Ibra, nikajibanza nyuma ya watalii. (Msinicheke. Nyie mngekaa nyumbani?)

Mnara wa taa kaueleza, ngome kaieleza, mashallah, kama kazaliwa humo. Tukafika mtaa wa Ayjah, kwenye nyumba moja ya zamani yenye mlango wa nakshi. Akasema, "Mlango huu umechongwa Unguja."

Kiongozi mwenzake, mwanamume mzima, akamkata kauli mbele ya wageni: "Usidanganye watu. Nyie Waswahili wa kutoka Afrika mnajua nini cha Sur?"

Mwanangu machozi yakamlengalenga.

Miye huyo, mbio! "We bwana! Huyo Momani kama weye!"

Mlango ukafunguka. Bi kizee mwenye nyumba, Kiswahili kinamtiririka: "Nani anagomba barazani kwangu? Mlango huu kauleta babangu kutoka Unguja. Ingieni mnywe kahawa."

Finjani ya kwanza kampa Rahma. Kabla ya wanaume wote, jamani! Yule bwana kapata ya mwisho.

Mnadhani kaomba radhi? Thubutu! Katoka anasema atamwambia mkubwa wao kwamba Rahma hafai kupewa kundi peke yake.

Hafai? Mwanangu?

Basi kundi lake la kwanza peke yake ni sisi. Wa Ibra, wa Kamil, wa Nizwa, jazeni magari, na huyo mkubwa nishamwalika aje ajionee. Ijumaa hii, baada ya sala, Ayjah.